Mke wa Orofa ya Tatu

Vitshumbi ya ujana wangu haikuwa na nyumba ya ghorofa. Ni kituo cha wavuvi kwenye ufuko wa kusini wa Ziwa Edward, ndani ya Hifadhi ya Virunga, na ndani ya hifadhi watu hawajengi kwa kwenda juu. Kwa hiyo nilipotaka kuwasimulia wamama waliokuwa wakitengeneza nyavu kisa cha mwanamke aliyefungiwa orofa ya tatu, ilinibidi nianze na orofa yenyewe: nyumba iliyopandishwa juu ya nyumba, na juu yake nyingine tena. Mmoja akataka kujua viboko wakitoka majini usiku wenyeji hukimbilia nyumba ipi. Nikamwambia Uingereza hakuna viboko. Akaiacha sindano ikining'inia kwenye uzi.

"Sasa banaogopaka nini?"

Nimefundisha riwaya za Kiingereza mjini Goma kwa muda mrefu, na katika mitihani yote niliyotunga sijapata swali linalolipita lile. Riwaya za kutisha za Waingereza wa karne ya 19, zile zinazoitwa za Kigothiki, zimejaa ngome, mapazia, vilio vya usiku na milango isiyofunguka. Walioziandika na waliozisoma waliishi katika nchi yenye reli na polisi, isiyo na simba msituni wala mamba mtoni. Hofu yote ile ilitoka wapi?

Kitabu kilikuwa Jane Eyre cha Charlotte Brontë, kilichotoka London mwaka 1847 kwa jina la bandia la Currer Bell, maana mwandishi hakutaka ajulikane kuwa ni mwanamke. Mjomba wangu alikuwa jikoni kwenye hoteli ya Rwindi enzi za Zaire, wakati watalii walipokuja kwa wingi kutazama tembo na viboko. Wakiondoka walisahau miwani, kofia, chupa za dawa ya mbu na vitabu. Miwani ilipata wenyewe upesi. Vitabu vilikuja kwangu, kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi wa sekondari ya bweni Rutshuru na ndimi peke yangu nyumbani niliyekuwa nimeanza Kiingereza. Likizo nzima nilisoma mchana nikiwa na kamusi ya Kifaransa mapajani, na jioni nikasimulia kwa Kiswahili kile nilichodhani nimekielewa.

Ziwa letu lenyewe lina jina la zama zile zile. Stanley alipolifikia mwaka 1889 alilipa jina la mwana wa malkia Victoria, Albert Edward. Katika miaka ya 1970 Mobutu na mwenzake wa Kampala wakaliita Idi Amin, kisha Amin akaanguka na Edward akarudi. Wavuvi hawakushughulika na hayo. Kwao lilikuwa ziwa tu.

Wanaume walitoka kabla ya jua kuzama ili wategee usiku. Wamama walibaki na nyavu zilizochanwa na viboko au kukwama kwenye visiki. Kazi ile inaacha masikio huru. Shangazi yangu ndiye aliyeiongoza: alipokea nyavu, alikubaliana bei, aliandika kila kitu katika daftari, na ndiye aliyeamua nani asimulie na nani anyamaze.

Kisa chenyewe kinajulikana. Yatima maskini anakuwa mwalimu wa mtoto katika nyumba kubwa ya Thornfield, anapendana na mwenye nyumba, Bwana Rochester, na usiku anasikia kicheko kinachotoka juu. Kitanda cha bwana kinawashwa moto. Siku ya arusi, kanisani, inajulikana kwamba bwana arusi tayari ana mke: Bertha Mason, binti wa tajiri wa Jamaika, aliyefungiwa juu kwa miaka 10 chini ya uangalizi wa mtumishi mlevi. Nilifika hapo nikiwa nimejiandaa kwa mshangao wao. Nilitaka waseme "yuu!" kama nilivyosema mimi.

Hawakushangaa. Kwao mke mkubwa aliyekuwepo kabla ya mke mdogo si jambo la kutisha. Shangazi alikata uzi kwa meno akauliza, "Na makuta ya ule mwanamuke iko wapi?"

Ilinibidi nirudi nyuma kurasa nyingi. Ndiyo, zilikuwepo fedha. Baba yake Rochester hakutaka kuigawa ardhi yake, akampa yote mwana wa kwanza. Wa pili akamtafutia mke mwenye pauni 30,000. Jane anapokuja Thornfield, mali ile imekwisha kuwa ya Rochester kwa nguvu ya sheria, na mwenye mali yuko juu nyuma ya mlango wenye kufuli. Nilikuwa nimezipita zile pauni bila kuziona. Wamama waliokuwa wakihesabu matundu ya nyavu ya watu wengine walizidaka mara moja.

Baadaye nilijua kwamba swali la shangazi lina vitabu vyake. Jean Rhys, mzaliwa wa kisiwa cha Dominica, alimwandikia Bertha riwaya nzima mwaka 1966, Wide Sargasso Sea, akianzia Karibi kabla ya kufuli. Mwaka 1979 Wamarekani wawili, Sandra Gilbert na Susan Gubar, walichapisha The Madwoman in the Attic, kitabu kinene kilichomfanya mwanamke wa darini kuwa ufunguo wa kusomea waandishi wanawake wa karne nzima. Ninaviheshimu vitabu hivyo na ninavifundisha. Lakini Gilbert na Gubar wanamwona Bertha zaidi kama hasira iliyofichika ndani ya Jane, nafsi yake ya pili. Pale ufukoni hakuna aliyemwona kuwa nafsi ya mwenzake. Alikuwa mtu, ameolewa, amekuja na mali, na mali haionekani.

Wala hawakukubaliana wote. Mmoja wao, mwenye kaka aliyepatwa na wazimu na kufungwa kamba kwenye nguzo ya nyumba kila mwezi ulipoandama, alimtetea Rochester kwa ukali. Mtu anayechoma kitanda utamwacha azurure? Angezama ziwani, angeingia kwa tembo. Kumpa chakula na mlinzi kulikuwa upendo tosha. Wenzake walinyamaza, kwa sababu alijua alichokisema. Hoja yake nimeibeba hadi darasani, na siku hizi naweza kuijibu kidogo. Goma kuna kituo cha Tulizo Letu kinachotibu magonjwa ya akili. Na Yorkshire, mkoa alikoishi Charlotte Brontë, tangu mwaka 1796 kulikuwa na nyumba iliyofunguliwa na Wakwekeri mjini York, iliyowatunza wagonjwa wa akili bila minyororo. Rochester alikuwa na uwezo wa kulipa. Alichagua dari kwa kuwa mgonjwa wa hospitali ana jina, na jina lingemzuia asioe.

Sheria ilikuwa upande wake. Ugonjwa wa akili haukuwa sababu ya kuvunja ndoa Uingereza hadi mwaka 1937. Mume kumfungia mkewe nyumbani kulionekana haki yake hadi mwaka 1891, mahakama ya rufaa ilipomwamuru Bwana Jackson amwachie mke aliyemkamata mlangoni mwa kanisa mjini Clitheroe. Na dari yenyewe haikubuniwa tu: Charlotte aliitembelea nyumba ya Norton Conyers mwaka 1839, yenye hadithi ya mwanamke aliyefungiwa juu, na mwaka 2004 wenye nyumba walikuta nyuma ya ukuta ngazi iliyozibwa inayopanda darini.

Mambo hayakuanza hivyo. Horace Walpole alipoanzisha mtindo huu mwaka 1764 kwa The Castle of Otranto, na Ann Radcliffe alipoufikisha kileleni mwaka 1794 kwa The Mysteries of Udolpho, hofu iliwekwa ng'ambo: Italia, kwa Wakatoliki, katika ngome za watu wabaya wa mbali. Msomaji wa London alitetemeka huku akijipongeza kwamba kwao mambo hayo hayapo. Wasomi wanapozungumza juu ya Udolpho wanakumbuka pazia jeusi ambalo nyuma yake Emily, binti wa kisa hicho, anaona kitu akazimia, na ambacho mwishoni kinatajwa kuwa sanamu ya nta. Mimi nakumbuka karatasi. Montoni, mwenye ngome, anachokitaka kwa binti yule ni saini ya kumwachia mashamba. Pazia ni la kumshughulisha msomaji wakati kalamu inatafutwa.

Karne ya 19 ilipoingia, waandishi, na wengi wa walio bora ni wanawake, waliichukua ngome ile wakaileta nyumbani. Montoni akawa mume Mwingereza, mstaarabu, mwenye mbwa na farasi, anayesali Jumapili.

Emily, mdogo wake Charlotte, ndiye aliyewafanya wamama wale waache kazi kabisa. Wuthering Heights, cha mwaka ule ule wa 1847, kinaanza na mgeni anayelala katika chumba cha zamani; usiku mkono mdogo wa baridi unamshika dirishani na sauti ya mtoto inaomba iingizwe ndani. Nilisimulia nikiwa nimepunguza sauti, na kwa kweli viboko walikuwa wakikoroma karibu sana. Mzimu haukuwatisha. Kila mmoja pale alikuwa na mtu aliyebaki ziwani bila kuzikwa. Kwamba marehemu anaomba kuingia nyumbani lilikuwa jambo la huzuni, halikuwa la hofu. Kilichowakera ni kile anachokifanya mgeni: anauburura mkono wa mtoto kwenye kioo kilichovunjika mpaka damu inalowesha shuka. "Ule mugeni ni munyama," akasema mwenye kaka. Nimesoma kurasa nyingi za uhakiki kuhusu dirisha lile, na wengi wanabishana kama mzimu ni wa kweli au ni ndoto. Wachache wanauliza kwa nini mtu mwenye elimu, anapoguswa na mtoto, jibu lake la kwanza ni kumkata.

Nadhani dada wale waliandika kifo kwa wepesi kwa kuwa waliishi nacho. Nyumba yao Haworth ilitazamana na makaburi. Mama yao alifariki mwaka 1821. Dada zao wakubwa wawili walifariki mwaka 1825 baada ya kurudishwa kutoka shule ya bweni. Mkaguzi Babbage alipofika kijijini mwaka 1850 aliandika kwamba wastani wa umri wa kufa haukufika miaka 26, na kwamba zaidi ya asilimia 40 ya watoto walikufa kabla ya kutimiza miaka sita. Maji ya kunywa yalichanganyika na uchafu wa vyoo na makaburi. Nikiwasomea wanafunzi wangu takwimu hizo bila kutaja mahali, wanadhani ninazungumzia kipindupindu cha ufukoni kwetu.

Riwaya ninayoipenda kuifundisha kuliko zote, hata hivyo, si ya akina Brontë. Ni The Woman in White ya Wilkie Collins, iliyoanza kutoka kwa vipande gazetini Novemba 1859. Mume, Sir Percival, anamletea mkewe Laura hati iliyokunjwa, mahali pa saini tu pakionekana, akimtaka aisaini bila kuisoma. Laura anakataa. Muda si mrefu anajikuta ndani ya nyumba ya wagonjwa wa akili kwa jina la mwanamke mwingine, na huyo mwingine amezikwa kwa jina lake. Watu walisema Collins amezidisha. Hakuzidisha sana: mwezi Juni 1858 Rosina Bulwer Lytton, mwandishi, alimkemea mumewe hadharani kwenye mkutano wa uchaguzi mjini Hertford, na mume, aliyekuwa ndiyo kwanza anakuwa waziri wa makoloni, akampeleka kwenye nyumba ya vichaa. Magazeti yalipiga kelele akaachiwa baada ya wiki kama tatu.

Nilipoanza kazi Goma nilikwenda kwenye benki moja kufungua akaunti ya mshahara. Karani, kijana mpole, akaniuliza barua ya mume wangu iko wapi. Sikuwa na la kubishana. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa awe na idhini ya mumewe kwa kila tendo la kisheria linalomfunga. Kipengele hicho kiliondolewa Julai 2016. Waingereza walianza kuvifuta vya kwao kwa sheria za mwaka 1870 na 1882, riwaya zikiwa zimewatangulia kwa miaka mingi. Laura alitakiwa asaini asichokisoma. Mimi nilitakiwa nilete iliyosainiwa na mwingine. Mume wangu aliandika barua ile huku akicheka, nami sikucheka, na jioni ile nilimwelewa Marian, dada yake Laura, anayevua sketi zake nzito na kutambaa juu ya paa usiku wa mvua ili asikie wanaume wanapanga nini.

Hapo ningeishia kama somo lingekuwa la Uingereza peke yake. Lakini msomaji wa Kiswahili ana deni jingine na mtindo huu, kwa sababu mmoja wa wanawake wa kutisha wa kwanza wa riwaya hizo kuzungumza Kiswahili alikuwa Mwafrika. H. Rider Haggard alitoa King Solomon's Mines mwaka 1885, na mwaka 1929 Frederick Johnson akaitafsiri kuwa Mashimo ya Mfalme Sulemani, kitabu kilichosomwa shuleni Afrika Mashariki kwa vizazi. Ndani yake yumo Gagool, kikongwe asiyejulikana umri, amekunjamana kama nyani, ananusa wachawi na kuwapeleka kuuawa. Miaka miwili baada ya King Solomon's Mines Haggard akaleta She: malkia mweupe aitwaye Ayesha, mwenye miaka zaidi ya 2,000, anayetawala mapangoni mahali fulani bara, nyuma ya pwani yetu. Waingereza walipomaliza kuileta ngome nyumbani, wengine waliipakia tena melini na kuishusha kwetu.

Ninawataka wanafunzi wamsome Gagool kama wamama wale walivyomsoma Bertha. Ana nini? Anaijua njia ya kwenda kwenye almasi. Wageni wanamlazimisha awaonyeshe. Anawaonyesha, kisha anawafungia humo ndani kwa mlango wa jiwe, na jiwe lile lile linamponda. Darasa la Kivu Kaskazini halihitaji kuelezwa sana maana ya wageni wenye silaha wanaomtaka kikongwe awaonyeshe yalipo mawe. Siwezi kumfanya mtu mwema. Haggard amempa damu nyingi mikononi. Lakini ni mmoja wa wahusika wa kitabu kile wanaosema waziwazi wageni wamefuata nini.

Na si mbali na kwetu aliishi mwanamke ambaye Haggard hakumbuni. Muhumuza, aliyesemekana kuwa mke wa mfalme Rwabugiri wa Rwanda, alizungumza kwa niaba ya Nyabingi, mzimu wa kike uliosikilizwa kuanzia Ndorwa hadi pande za Rutshuru. Wajerumani walimweka kizuizini Bukoba. Alipoachiwa alikusanya watu milimani, na Septemba 1911 Waingereza wakamshambulia, akajeruhiwa mguu, akakamatwa na kupelekwa Kampala. Mwaka uliofuata Uganda ikapata sheria ya uchawi. Yeye alibaki Kampala hadi alipofariki katika miaka ya 1940. Bertha alikaa darini miaka 10. Muhumuza alikaa zaidi ya 30. Maofisa walimwandika kama mchawi, na ukisoma walivyomwelezea utadhani walikuwa na Haggard mezani. Tofauti ni kwamba Muhumuza alikuwa na jeshi.

Nasema hayo kwa tahadhari, kwani neno mlozi kwetu halikuletwa na Waingereza. Linafanya kazi bila msaada wao. Mwaka 2021 zilitufikia habari za Kivu Kusini za wanawake waliochomwa au kupigwa hadi kufa kwa kuitwa walozi. Kwa hiyo nikifika kwenye Frankenstein sianzi na Victor Frankenstein wala jitu alilolitengeneza, ambao kila mwanafunzi amekwisha kuwaona kwenye filamu. Naanza na Justine.

Wanafunzi wa Goma hukipenda kitabu hicho kwa sababu ya volkano. Mlima Tambora, Indonesia, ulilipuka Aprili 1815. Majivu yakafunika anga, na majira ya joto ya 1816 Ulaya hayakuja. Mary Shelley, wakati huo akiwa na miaka 18, alikwama ndani ya nyumba kando ya ziwa la Geneva kwa sababu ya mvua, na wenzake wakashindana kutunga hadithi za kutisha. Kitabu kilitoka Januari 1818 bila jina lake. Watu walioona lava ya Nyiragongo ikipita katikati ya mji wao mwaka 2002, na tena ikishuka Mei 2021, hawaoni ajabu kwamba mlima unaweza kuzaa kitabu.

Justine Moritz ni mtumishi. Mtoto wa nyumba amenyongwa, na picha aliyokuwa ameivaa inakutwa mfukoni mwa Justine; jitu ndilo lililoitia. Hana kosa. Anakiri. Anakiri kwa sababu kasisi amemzonga na kumtisha kwa moto wa milele mpaka anaanza kujidhania kuwa yeye ndiye shetani wanayemsema. Wanamnyonga. Victor Frankenstein anajua ukweli na hasemi, halafu kwa kurasa nyingi anatusimulia jinsi yeye anavyoteseka.

Katika miaka ya tisini, kabla vita havijafika kwetu, nilikuwa likizo Vitshumbi wakati mvuvi mmoja alipopotea kwa dhoruba. Mtumbwi ulipatikana, yeye hakupatikana. Mkewe alikuwa mmoja wa wachuuzi hodari wa samaki wa chumvi, mwenye nyavu zake alizozinunua kwa faida yake na kuwakodisha wavuvi. Kabla matanga hayajaisha, mashemeji walikuwa wamesema amemla mumewe. Alipelekwa kwenye chumba cha maombi cha mtumishi mmoja wa Mungu, akanyimwa chakula kwa siku tatu, akaambiwa akikiri ataponywa. Akakiri. Alitaja hata saa aliyotoka usiku kwenda ziwani, akitembea juu ya maji. Mashemeji walichukua nyumba, mtumbwi na nyavu, wakisema mali ya mlozi haimfuati.

Niliyaona hayo nikiwa nimekwisha kumsoma Justine mara nyingi, na elimu yangu haikunisaidia lolote. Nilikuwa na hasira na maneno mazuri. Shangazi alikuwa na daftari.

Katika Dracula, ambayo Bram Stoker aliitoa mwaka 1897 karne ikiisha, wanaume wana mapanga, bastola na misumari ya mti, lakini anayelishika jambo zima ni Mina Harker, mwalimu msaidizi anayejua kupiga taipu na hati ya mkato. Anakusanya shajara, barua, telegramu na vipande vya magazeti, anavipanga kwa tarehe, anapiga nakala zaidi ya moja. Dracula anapoingia na kuchoma karatasi, nakala nyingine iko kwenye sefu. Wahakiki wanajali zaidi shingo ya Lucy, rafiki yake Mina anayenyonywa damu, na ninawaelewa, lakini bila nakala za Mina wale mabwana wasingejua waanzie wapi.

Kesi ya mjane ilipoletwa mbele ya wakuu wa kituo na wazee wa ushirika wa wavuvi, shangazi hakuzungumzia ulozi hata kidogo. Alifungua daftari la mafundi nyavu. Miaka kadhaa nyuma, kwa mwandiko wake wa darasa la nne: tarehe, wavu wa nani, matundu mangapi, nani amelipa. Jina la mjane lilikuwepo kwa nyavu nne, tangu zilipoletwa mpya kufungwa maboya. Jina la marehemu halikuwepo popote. Shemeji mmoja akasema mwanamke anaweza kuandikwa lakini mali ni ya nyumba. Mzee wa ushirika akamuuliza basi kwa nini marehemu alikuwa akimlipa mkewe kodi ya wavu, maana nayo imeandikwa.

Nyavu nne zilirudi kwa mwenyewe. Nyumba na mtumbwi vilibaki kwa mashemeji, jina la ulozi halikufutwa na mtu, na mjane akahamia Kiwanja na biashara yake. Wanafunzi wangu huniambia huo si mwisho, ni nusu ya mwisho, na wengine hunilaumu kwa kuusimulia kwa utulivu. Huwa nawapeleka mwaka 1847, wanieleze daftari lile lingefanya nini kwenye mahakama ya Yorkshire. Wanafungua madaftari yao, wanatafuta, na jibu hulipata mmoja wa nyuma aliyesoma vizuri: lisingefanya kitu, kwa sababu nyavu alizozinunua mke akiwa ndani ya ndoa zilikuwa za marehemu tangu siku alipozilipia.